Nyama Aliyoikataa Mama

Sifa na shukrani ni zake Mungu, aliyeotesha mboga kabla hajaumba kinywa cha kuila. Nimefundisha watoto wa kanisani kwa miaka mingi, na kila nikifika mwanzo wa Maandiko natua hapo: binadamu wa kwanza walipewa mbegu na matunda wale, ruhusa ya nyama ikaja baadaye sana, maji ya gharika yalipokauka. Watoto huniuliza, "Mwalimu, kwani Adamu alikuwa hali nyama?" Huwajibu kwamba ndivyo nilivyosoma. Lakini anayenijia akilini wakati huo si Adamu. Ni mama yangu.

Tuliishi Mghange, juu kwenye ukungu, mama, kaka yangu na mimi. Baba alifariki nikiwa bado nanyonya, na mjomba ndiye aliyesimama mahali pake. Kwetu mbuzi akichinjwa kila kiungo kina mwenyewe, na kidari kilikuwa cha mjomba. Kilifungwa kwa jani la mgomba, kikawekwa kando, akaondoka nacho akiaga.

Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea ukingoni siku ile tulipochinja mbuzi. Mjomba alikuja na wazee watatu kumaliza maneno ya mpaka wa shamba letu. Kaka alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa akikata mkonge kule chini Mwatate wiki nzima na kupanda nyumbani kila Jumamosi. Siku hiyo alifika mchana, jasho likimchuruzika, akaingia moja kwa moja jikoni. Mjomba alipoaga, mama alikwenda kuchukua jani, akalikuta limefunguliwa, na kidari kimebaki nusu.

"Nani ameshika hiki?"

"Ni mimi, mama," kaka alisema. "Nilikuwa na njaa."

Mama aliona haya mbele ya wazee, na haya ikamtoa maneno. "Mtu anayekula fungu la mjomba wake, kwao ni wapi? Nenda ukaishi na tumbo lako!"

Mjomba alijaribu kucheka. "Mwache kijana, dada. Nusu inanitosha. Hata meno yangu yamebaki nusu."

Hakuna aliyecheka naye. Kaka alisema, "Haya, mama," akachukua blanketi lake, akateremka njia ya Mwatate. Tulidhani angerudi Jumamosi. Jumamosi ya tatu tukasikia kwamba ameacha kazi ya mkonge na kupanda treni ya Taveta.

Siku tuliyosikia hivyo, mama alikuwa na kipande cha nyama iliyokaushwa juu ya moto. Alikitungua, akampelekea jirani. Aliporudi alipiga magoti pale pale karibu na mafiga, nikamsikia akimwambia Mungu kwamba hatatia nyama kinywani mpaka mwanawe arudi, aketi mbele yake, ale fungu lake mwenyewe.

Majirani walihesabu siku kwanza, kisha miezi, kisha wakaanza kuuliza maswali. Je, kuku ni nyama? Je, yai? Mjomba ndiye aliyemchokoza zaidi, maana hakumchukia kaka hata kidogo, na kumwona dada yake akikonda kulimuuma.

"Dada, kuku si nyama. Kuku ni kuku."

"Firigisi ni ya nani?"

"Yangu, bila shaka."

"Basi ni nyama."

Hicho ndicho kilichokuwa kipimo cha mama. Kitu kinachogawanywa mafungu, huyu apate hiki na yule apate kile, hicho kwake kilikuwa nyama. Mayai alikula. Mvua za Novemba zilipotoa kumbikumbi, aliwakaanga na kuwala kwa konzi kama sisi wengine.

"Na hao mbona wana miguu?" mjomba alimuuliza.

"Wana miguu, lakini hawana kidari," mama alijibu, akamwongezea konzi nyingine.

Mwaka uliofuata nilipata kazi Voi, kusaidia nyumbani kwa mama mmoja Mhindi aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na stesheni. Katika nyumba ile hakikuingia kitu chochote chenye damu. Tulipika dengu, bilingani, viazi na chapati, na harufu yake hata leo ikinipata barabarani nasimama. Siku moja nilimwambia kwa majivuno kwamba hata mama yangu hali nyama.

Alifurahi sana. "Vizuri! Mayai pia hali?"

"Mayai anakula."

"Eh! Hiyo si vizuri."

"Na kumbikumbi."

Aliweka chini kifimbo cha kusukumia chapati. "Dudu? Mama yako anakula dudu? Wewe! Huyo anakula nyama kabisa!"

Tulicheka mpaka chapati ikaungua. Kisha akaniuliza mama aliacha nyama kwa sababu gani, nikamweleza. Alikwangua sehemu iliyoungua. "Mimi nimezaliwa hivi," akasema. "Nyama sijui ladha yake, sikosi kitu. Mama yako anajua anachokosa." Tangu siku hiyo, kila nilipopewa ruhusa ya kwenda nyumbani mwisho wa mwezi, alinifungia dengu kwenye karatasi. "Ya mama," alikuwa akisema.

Mwaka wa tatu wa nadhiri mama aliugua homa, akabaki ngozi na mifupa, nikaomba ruhusa kazini nije kumuuguza. Mhudumu wa zahanati aliniambia nimpe supu ya mifupa apate nguvu. Mama alikataa hata kabla sijamaliza kusema. Nami nikaanza kufikiri kama wakili: supu haigawanywi mafungu. Nilichemsha mifupa nyumbani kwa jirani, nikaitoa yote, nikapika maharagwe kwa maji yale, kisha nikayaponda na muhogo yakawa kimanga. Mama alipenda kimanga kuliko chakula chochote. Alikula siku tatu, na macho yake yakaanza kuwa na uhai.

Siku ya nne alimega kidogo, akakiweka mdomoni, akanitazama. Kisha akaisogeza sahani. Nilingoja anikaripie. Nilimwona akifungua mdomo, kama neno limefika kwenye ulimi, halafu akaufunga.

"Kesho nipikie mboga ya mnavu," akasema, basi.

Asubuhi yake nilimsikia akisali kitandani. "Bwana, usimhesabie mwanangu makosa ya jikoni." Nilijua makosa hayo ni yangu. Niliamini kwamba nimeivunja nadhiri ya mama kwa mkono wangu, kwamba kaka hatarudi kwa sababu yangu, na kwamba mama ananyamaza kwa kuogopa kupoteza mtoto wa pili kwa ajili ya chakula. Afadhali angenichapa.

Ndiyo sababu nilipanda treni ya Taveta, siku ya soko. Niliuliza kwa wauza ndizi mmoja mmoja, mpaka mama mmoja akaniambia yuko kijana Mdawida, wa kabila letu, anayefanya kazi kwenye mashamba ya kahawa upande wa Moshi, na kwamba huvuka mpaka kuja sokoni mara kwa mara.

"Nimwambie nini?"

Nilitaka kusema, mwambie mama yake hajala nyama tangu aondoke. Nikaliacha. "Mwambie anangojwa," nikasema.

Baada ya miezi miwili, mfanyabiashara mmoja alituletea kifurushi alichopewa na kaka Taveta. Ndani mlikuwa na samaki wakavu wa ziwa Jipe. Barua haikuwamo. Mjomba aliitwa, akaja mbio na fimbo yake.

"Haya sasa, dada. Samaki ni nyama au si nyama?"

Mama alimwinua samaki mmoja, akamnusa muda mrefu, kichwa mpaka mkia. "Ametumwa na mwanangu," akasema. "Nitamkataa vipi?"

Alimla mpaka akafyonza miiba. Nilipomsimulia mama mwenye duka, alitikisa kichwa. "Mayai, dudu, sasa samaki!" Lakini dengu alinifungia kama kawaida.

Samaki waliendelea kuja, mara mbili kwa mwaka, mara tatu. Halafu mpaka wa nchi ukafungwa, na samaki wakakoma. Miaka ikapita bila neno. Niliolewa Chawia, nikazaa, nikaanza kufundisha kanisani. Kila Jumamosi nilijaribu kwenda kumwona mama, na kila mara nilimkuta ameketi kwenye kigoda, uso umeelekea njia ya Mwatate, akichambua mboga bila kuzitazama. Hatukuizungumzia ile supu hata siku moja. Nilikuwa mama wa watoto wanne, na bado nilikuwa nikitamani anikemee tu, nikakae naye tena kama zamani.

Mpaka ulipofunguliwa tulingoja tena. Mwaka uliofuata, Jumamosi moja, mtu mzima mwenye ndevu alipanda ile njia akiwa na kifurushi cha samaki kwapani. Alisimama mbali na mlango, kama mgeni.

"Hodi, mama."

Mama hakuinuka. "Jumamosi hii umechelewa," akasema.

Kaka alikuja akapiga magoti, akaweka kichwa mapajani mwake. "Nilikuwa naona haya, mama. Halafu nikataka kuja, mpaka ukafungwa." Mama alikuwa akimpapasa masikio, kama anayetaka kuhakikisha yako mawili.

Tulichinja mbuzi. Mjomba, ambaye sasa alikuwa haoni vizuri, alipewa kidari chake. Aliomba kisu, akakikata katikati kwa kupapasa, akampa kaka nusu.

"Nusu nyingine ulikula zamani," akasema.

Safari hii watu walicheka. Mama alimtazama mwanawe akila mpaka mfupa ukawa mweupe. Halafu akaletewa fungu lake. Alilishika, akaligeuza, akajaribu, akalitoa mdomoni. Katika miaka ile yote ya kungoja meno yalikuwa yamemwishia.

Niliingia jikoni. Nilichemsha mifupa, nikaongeza chumvi kidogo, nikamletea bakuli kwa mikono miwili. Alikunywa funda moja, akafumba macho.

"Mchuzi huu ndio ule," akasema.

"Upi, mama?"

"Ule wa maharagwe."

Sikujua niweke wapi uso wangu. Nikaanza kuomba radhi, akanishika mkono.

"Nilijua tangu siku ya kwanza, mwanangu. Nilikuwa na njaa."

Alimtazama kaka aliposema hivyo, kisha akarudi kwenye bakuli lake, akanywa mpaka likaisha. Ndipo nilipojua ile sala ilikuwa ya nani. Hakuwa akiniombea mimi. Alikuwa akimwombea kijana mwenye njaa aliyemfukuza, baada ya njaa ileile kumshika yeye.

Mungu alimpa mvua nne zaidi, kisha akamchukua. Mama mwenye duka alihama Voi siku nyingi. Siku hizi wajukuu wangu hubishana mezani kama asiyekula nyama aruhusiwe mchuzi, au samaki, au yai, nao huniomba niamue. Siwezi. Naona tu kigoda, mnavu, na uso ulioelekea njiani, na ningetoa sahani zote za meza ile nipate kumpondea kimanga mara moja tena, bila kumficha kitu.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu akubariki wewe na jiko lako. Na kama kuna mtu umemwekea fungu, Bwana amlete salama, afike akiwa na njaa, akukute ungali mlangoni. Amina.