Aliyesimama Mahali Pangu

Nakumbuka asubuhi moja hapa Garissa, mwanangu, nikiendesha baiskeli kwa mkono mmoja, wa pili umeshika simu. Baiskeli yenyewe haikuwa yangu. Nilikuwa nimeikodi kwa Hirsi, fundi wa mtaa wa Iftin, nikimlipa kila mwezi, na sharti lake lilikuwa jepesi: ukipata ajali, mletee ilivyo, umweleze ilivyokuwa. Basi nikauparamia mkokoteni wa punda uliosimama, mwenyewe akishusha mitungi ya maji. Gurudumu la mbele likapinda, goti langu likachubuka.

Niliogopa Hirsi angeninyang'anya baiskeli. Nikamwambia abti, mjomba wangu, kwamba mkokoteni ulinikatia njia. Kwetu, wajua, hasara haimalizwi na mtu mmoja. Wazee hukaa kikao, na mzee wako ndiye anayekusemea. Abti akanisemea, tena kwa ufasaha. Mwenye mkokoteni, Bashir, alikuwa ametoka kambini Dadaab, hana jamaa hata mmoja mjini.

"Wallahi, mimi ilikuwa nimesimama," alisema.

Nikatazama chini. Wazee wakaamua hasara ni yake, na kwa kuwa hakuwa na kitu, ampelekee Hirsi maji bure mpaka deni liishe.

Baadaye nilipokwenda kuchukua baiskeli iliyotengenezwa, nikamkuta Bashir pale akimimina maji pipani. Akaniuliza, "Ndugu, goti yako imebona?" Hakuwa ananisuta, aliuliza tu. Niliona aibu, mwanangu.

Nikarudi kwa abti nikamweleza yote. Hakunifokea. "Wewe umechukua mdomo yangu, ukasema nayo uongo," aliniambia, kisha akawaita wazee tena. Nilidhani nitasimamishwa mimi. Akasimama yeye, na umri wake ule, mbele ya Bashir na Hirsi, akaomba radhi kwa uongo aliousema bila kujua. Nilitamani ardhi inimeze. Wazee wakamfutia Bashir deni, likawa langu. Na Hirsi wala hakuninyima baiskeli. Alichotaka ni kujua iligonga vipi hasa, apate kuikagua vizuri.

Kwa hiyo ukiharibu kitu cha kukodi, kipeleke kikiwa kimevunjika hivyo hivyo, useme mwenyewe ulivyokiharibu. Usimtume mzee wako kikaoni na neno ambalo wewe huwezi kulisema ukimtazama mwenzako usoni.

Allah akulinde barabarani, na siku ukianguka, akujalie uwe wa kwanza kusema kweli. Amin.