Kanga ya Mboni Ndani ya Mashine

Fundi Kitwana alikuwa na viganja vipana mpaka akipiga makofi Kariakoo, kuku wa Feri wanaruka. Msinicheke. Vyumba vyetu vilipakana, Mtaa wa Sikukuu.

Miaka ile ya Ujamaa mkewe, Mboni, alikwenda shamba la serikali kuvuna mbegu za majani ya ng'ombe. Siku ya kuondoka aliikata doti yake ya kanga: kipande kimoja akajifunga, cha pili akakitandika kitandani.

"Kitunze hiki, mume wangu. Nikirudi nitaviunganisha."

Hakurudi upesi. Mbegu zile nyepesi kuliko umbea. Mashine ya kuvunia ilizipuliza pamoja na makapi, wanawake wakabaki kuziokota chini kwa vidole. Nyingine upepo ulizileta mpaka Jangwani, zikaota juu ya mabati, mbuzi wakawa wanapanda ngazi. Niliwaona.

Kitwana alipika peke yake, akapakua sahani mbili.

Ndipo Augustino, dereva wa shamba lile, akaileta mashine gereji kwa Kitwana, kule Gerezani.

"Fundi, hili shetani linatema kuliko linavyomeza."

"Feni yake inapuliza kama imetumwa," Kitwana akasema. "Nikiliponya, wanawake wataachiwa?"

"Watabaki kuokota nini?"

Basi akafunga puli kubwa, gurudumu la mkanda, feni ikapunguza kasi. Nyufa akaziziba kwa bati. Ikabaki nafasi chini ya chekeche, inataka kitambaa chepesi cha kukinga mbegu. Madukani nguo hakuna, foleni tu. Akarudi nyumbani, akaingia chumbani, akatoka na kanga.

"Si ya mkeo hiyo?" nikamuuliza.

"Dada, hii ndiyo itakayomleta."

Mashine ikavuna bila kumwaga. Ndege wa shambani walihama kwa njaa. Kitwana akafagia chumba, akapika wali wa nazi, akangoja. Wali ukachacha. Mvua zikaja, zikaisha.

"Kamfuate mkeo, wewe!" nikamwambia.

"Nikimfuata ataona simwamini."

Msimu ulipokwisha, Augustino akairudisha mashine kwa matengenezo.

"Mboni yuko wapi?" Kitwana akauliza, hata salamu hakutoa.

"Unaniuliza mimi? Si ulimwacha?"

"Nani kamwacha?"

"Alifungua mashine kuisafisha, akakuta kanga yake. Akasema kwao mume akirudisha kipande, amemrudisha na mke. Akakaa eda palepale kambini. Kila lori likiingia, anachungulia. Hukuja. Sasa kaolewa Kisarawe."

Kitwana alijilaza chini ya mashine, akafungua chekeche. Kanga haikuwepo, Mboni alikuwa ameziba kwa gunia, kashona vizuri, mbegu isipotee. Mbegu zilizonasa kwenye nyuzi za gunia zikammwagikia shatini, akaja nazo nyumbani, akajikung'uta mlangoni.

Majani yakaota pale kizingitini, marefu mpaka wageni tukapita kiubavu. Mwenye nyumba akaja na panga.

"Yaache, mzee," Kitwana akamwambia. "Yakikomaa nitayavuna."

Akayavuna kwa vidole, mbegu moja moja, bila kudondosha hata moja, akawa anazitandaza kitandani upande wa Mboni. Yeye akalala ukutani, hajigeuzi, zisije zikamwagika.

Mbuzi wote wa Kariakoo walikuwa wakipita mlangoni pale, wananusa, wanaondoka bila kugusa jani. Mkiona bibi yenu mwongo, kawaulizeni mbuzi.