Niliyemsomea Ubao

Shida yangu ilianza mwaka 1987, nikiwa na miaka kumi na miwili. Baba alinitoa shule nikiwa darasa la tatu. Alisema mtoto wa kike akishajua kusoma barua imetosha, na mama alihitaji mtu wa kusaidiana naye kwenye matuta ya ulezi. Sikulia. Nilishika jembe.

Mwaka uliofuata mwalimu mkuu akaja nyumbani. Alikuwa mgeni kijijini, na alikuwa amesikia kwamba tunaficha mtoto kipofu. Hatukumficha. Mtoto alikuwa anakaa jikoni kwa sababu Ufipa kuna baridi na jikoni kuna moto. Ni mdogo wangu wa kiume, surua ilimpofusha angali ananyonya. Mwalimu akasema atampokea darasa la kwanza akae na wenzake wanaoona, ila apatikane mtu wa kumleta na kumsomea ubaoni. Baba akaninyooshea kidole, akasema nimpeleke mimi, kwa kuwa sina kazi. Mimi niliyekuwa naamka kabla ya jogoo.

Nikadhani narudi shule. Nilifua sare yangu ya zamani, nikaishona kwapani ilipochanika. Asubuhi mwalimu wa darasa akaniangalia juu mpaka chini, akanirudisha nikavae gauni la nyumbani. Sare ni ya wanafunzi, alisema.

Tukakaa dawati moja. Mwalimu aliandika, mimi namnong'oneza mdogo wangu sikioni, neno kwa neno, hesabu kwa hesabu. Kichwa chake kilikuwa kinakamata, siwezi kumpunja. Swali likiulizwa, mkono wake ndio wa kwanza juu. Akipata, darasa zima linaamriwa kumpigia makofi ya kilo. Na mimi napiga. Viganja viliniwaka, na wivu uliniwaka zaidi. Alichojibu yeye kilipita mdomoni mwangu kwanza, lakini hakuna aliyegeuza shingo kunitazama.

Tukapita darasa la tatu, pale nilipoachia mimi, tukaingia la nne. Sasa mambo yalikuwa mapya kwangu kama kwake. Siku moja mwalimu aliandika hesabu ya kugawanya, kubwa, yenye baki. Darasa kimya. Mdogo wangu naye kimya. Mimi nilikuwa nimeshaipata kichwani. Nikanyoosha mkono.

"Shusha," mwalimu akasema. "Wewe si mwanafunzi. Wewe ni macho ya mwenzio."

Nyuma yetu mvulana mmoja akasema, "Macho yanataka kuongea."

Darasa likacheka. Mdogo wangu naye akacheka. Hao wengine nimeshawasahau, yeye sijamsahau.

Njiani, upepo unatusukuma mgongoni, akaniuliza jibu lilikuwa ngapi. Nikamwambia. Akasema, "Si ungeninong'oneza, Dada, ningelisema mimi."

Nikamjibu, "Hilo lilikuwa la kwangu."

Hakuelewa. Aliendelea kunishika mkono kama kila siku.

Alipomaliza la nne, mwalimu mkuu na padri wakamtafutia nafasi katika shule ya mbali, mkoa mwingine. Mama alimfungia nguo zake. Mimi nikafunga na zangu, maana nilijiuliza huko nani angemsomea. Lori lilipofika, mwalimu mkuu aliona furushi langu, akanieleza kwa upole kwamba huko wasioona wanasoma wenyewe kwa vidole, karatasi ina nukta nundu. Dada abaki, asaidie wazazi. Nimewaonea watu wengi wivu maishani, lakini siku ile niliionea wivu karatasi yenye vipele.

Furushi sikulifungua. Ilikuwa enzi ya ruksa, kila mtu anauza na kununua atakavyo. Nikaenda nalo Kasanga, ziwani, nikapeleka ulezi na maharage, nikarudi na dagaa. Nikaenda tena. Sikusubiri mtu aniite.

Mdogo wangu leo ni mwalimu hapa mjini, nilipohamia kwa biashara. Darasani kwake wasioona, wasiotembea na wazima wanakaa pamoja, na watu wanamsifu. Cheti chake amekitundika ukutani sebuleni. Yeye hakioni. Nikienda kumsalimia, nakisoma mimi, mstari kwa mstari, mpaka kwenye mhuri.

Juzi alikuja kwangu, akanywa maziwa, akasema, "Dada, mpaka leo nikisoma kitu nasikia sauti yako."

Nikamwambia, "Basi nigawie nusu ya mshahara."

Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikuwa natania.

Wakimaliza kumsifu yeye, wahesabu na vyangu. Nina nyumba mtaa wa Chanji, ya tofali za kuchoma. Nina vyumba vya kupangisha nyuma yake. Nina shamba la mahindi pembeni mwa Izia. Nina mashine ya kusaga. Nina maksai wawili wa kulimia na ng'ombe wa maziwa, ana mimba. Nina stoo, na mwaka huu imejaa ulezi.