Maji Yaendayo Kasi

Katika nyanda za juu za Lubero, tulikozaliwa dada yangu na mimi, baridi huilinda ngozi. Ukungu hulala juu ya viazi hadi saa tatu, na wadudu wanaouma ni wachache. Chini, upande wa Beni, hali ni nyingine: joto, misitu iliyofyekwa kwa ajili ya kakao, na mito inayoteremka kwa nguvu juu ya mawe. Mvua nazo zimerefuka. Pale ambapo zamani mto ulipungua hata watu wakavuka kwa miguu, sasa unavuma karibu mwaka mzima.

Shamba la wazazi wetu lilipogawanywa, vipande havikutosha. Dada, aliye mkubwa wangu, akateremka na mumewe kulima kakao. Mimi nikabaki huko juu, mjini Butembo, kufundisha biolojia. Katika familia yetu neno la mwisho ni la aliyesoma, hata mbele ya wakubwa wake, na hakuna aliyelizoea neno hilo kuliko mimi.

Nilipomtembelea mara ya kwanza, nilimkuta anaogea kwenye kidimbwi cha chemchemi nyuma ya nyumba. Maji yalikuwa yametulia, majani yameoza ukingoni. Mikononi alikuwa na upele kidogo, wa joto tu, nadhani sasa.

"Yaya, maji haya yamesimama," nikamwambia, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu. "Ndiyo yanayokuletea upele. Uogee kule mtoni, kwenye mawe, maji yanakokimbia."

"Kule iko mbali, mudogo. Na tule tuinzi tweusi tunauma."

"Inzi hawatakuua. Uchafu ndio ugonjwa."

Akacheka, akamgeukia mumewe. "Umesikia? Mwalimu amesema. Kesho hapana kuoga tena na bachura."

Kila mwaka niliandika ubaoni kwamba maji yaliyosimama huleta magonjwa. Kwa mbu na konokono ni kweli. Usubi, inzi mdogo mweusi mwenye kibyongo, nilikuwa nimeusoma katika mistari michache ya kitabu cha zamani: hutaga mayai kwenye maji yaendayo kasi, na kwa kuuma humpa mtu minyoo midogo inayoishi chini ya ngozi na kuingia machoni. Niliisoma mistari hiyo kwa ajili ya mtihani. Sikuteremka nayo Beni.

Mwaka wa pili alinipigia simu kwamba anawashwa hadi halali. Nikamwambia aoge mara mbili, asubuhi na jioni. Akatii. Hizo ndizo saa ambazo usubi huuma zaidi.

Vidonge vya kuzuia ugonjwa huo hugawiwa kijijini mwao mara moja kwa mwaka, lakini vita viliwakimbiza wagawaji misimu miwili mfululizo. Nilipofika tena, ngozi ya miguu yake ilikuwa imekuwa ngumu, na kwenye miundi rangi imetoka kwa mabaka.

"Angalia," alisema, akiinua kitenge kidogo. "Nimevaa soksi ya chui."

Alipomimina chai, aliimimina pembeni ya kikombe. Hapo sikucheka.

Nikampeleka kwa muuguzi wa zahanati. Alimkagua polepole, ngozi kwanza, kisha macho.

"Mama, unaogea wapi?"

"Mutoni, kwenye mawe. Asubuhi na mangaribi."

"Lakini pale ndiko usubi wanazaliana. Nani alikuambia uende kule?"

Dada alikuwa anajua nimesimama nyuma ya kiti chake. Akasema, "Ni mimi tu. Nilipenda maji ya baridi, kama ya kwetu."

Njiani nilijaribu kuomba msamaha. Akanikatiza kwa kuuliza kama viazi vilistawi Lubero mwaka huo.

Vidonge vilipunguza kuwashwa. Macho hayakurudi. Mwaka uliofuata aliacha kuona kabisa, nami nikamleta nyumbani kwangu Butembo, mtaa wa Mususa, ambako anaoga kwa ndoo, kwa maji ninayomchotea mimi.