Nililainisha Onyo, Sauti ya Mama Mkwe Ikapotea

Jamani, nimekosa! Nasema mapema, kwa sababu hapa chini nitawalaumu wengine na sitaki mfikiri najitakasa.

Mimi huandika programu za kompyuta hapa Kisii mjini. Baba mkwe wangu anakaa Ekerenyo, mwalimu mstaafu aliyefundisha kwaya ya kanisa miaka mingi. Kompyuta yake ilijaa rekodi za kwaya mpaka ikawa inakwama. Shemeji yangu, kaka ya mke wangu, akaniomba nimsaidie mzee.

Nikamtengenezea kitu kidogo kisicho na vitufe wala picha. Unafungua dirisha jeusi, unaandika "safisha", unabonyeza enta. Rekodi ambazo zina nakala kwenye diski ya nje zinafutwa. Zikiwa hazina nakala, programu inasimama na kukuonya kwanza.

Onyo la kwanza nililiandika hivi: "SIMAMA! Rekodi hizi hazina nakala. Ukiendelea zitafutika na hazitarudi." Hilo lilikuwa onyo!

Shemeji akalisoma sebuleni kwangu, mke wangu akiwa ameketi kando yetu.

"Aki wewe! Unaambia mzee 'simama'? Baba ya bibi yako? Chinsoni umeweka wapi?"

Chinsoni ni ile heshima yetu sisi Abagusii, mkwe kumwonea baba mkwe haya. Humkaripii. Hata kumkatiza huthubutu.

"Lakini lazima ajue zitapotea," nikasema.

"Andika kwa upole, atajua tu. Na usijali, kopi nitaweka mimi mwenyewe kwa diski yangu wiki hii."

Nikakubali! Nikaandika, nikimwita Tata, yaani baba: "Samahani Tata. Huenda rekodi chache hazijahifadhiwa kwingine. Ukiona vyema, tuendelee. Ndiyo au hapana?" Mimi, mtu wa kazi hiyo, nikaandika onyo kama mgeni anayeomba maji ya kunywa!

Siku alipoandika "safisha", mzee alisoma kila neno. Akaona mkwe wake anaomba ruhusa kwa adabu. Akaandika ndiyo.

Zikaenda zote! Hata zile za marehemu mama mkwe akiimba sauti ya kwanza, ambazo mzee alizisikiliza kila Sabato baada ya ibada. Nilikimbia Ekerenyo, nikajaribu kila njia ya kuzirudisha, wapi! Nikamuuliza shemeji ile diski iko wapi. Hakuwa amenakili hata wimbo mmoja.

Familia ikaitwa nyumbani kwa mzee. Nilidhani tutaibeba lawama pamoja. Shemeji akasimama, bila hata kunitazama, akasema, "Mimi nilimwambia aweke onyo ya nguvu. Alikataa. Alisema anajua kazi yake."

Nikamgeukia mke wangu. Alikuwepo! Alisikia yote! Akatazama mikono yake, akanyamaza. Uongo wa shemeji nimeumeza, lakini kile kimya cha mke wangu hakijashuka mpaka leo. Tunaishi nyumba moja kama wapangaji.

Mzee ndiye aliyeniuliza, polepole.

"Wewe ulijua zitaenda?"

"Nilijua, Tata."

"Sasa mbona uliniomba samahani badala ya kuniambia? Si ungenifokea tu! Ningekasirika, halafu ningepoa. Na mama yenu angekuwa bado anaimba."

Ningemwambia nini? Kwamba niliogopa kuonekana sina adabu, nikamwachia hasara yeye?

Wewe unayeandika maonyo ya programu, nakusihi. Sema waziwazi ni nini kitapotea. Sema kama hakitarudi. Mwambie mtu afanye nini kwanza kabla ya kuendelea. Heshima yako iweke kwenye salamu. Na akija ndugu kukuambia ulainishe, kataa, hata kama ni wa damu ya mkeo! Siku ya lawama utasimama peke yako, kama nilivyosimama pale kwa mzee, na aliyesikia kila kitu atakuwa anatazama mikono yake.