Homa ya Barabara

Dereva wa basi letu dogo la kwenda mji wa Coyhaique, ng'ambo ya mlima, haamini redio. Hata itangaze jua, tukifika darajani yeye hushuka, akavua glavu kwa meno, akachuchumaa na kubandika kiganja barabarani, kama mama anayempima mtoto homa. Abiria hatukosi la kumtania.

“Vipi daktari, mgonjwa ana homa?”

“Laiti angekuwa nayo! Kapoa kama maiti.”

Basi hapo hufunga minyororo magurudumuni yasiteleze kwenye barafu, au hugeuza gari, na hakuna chozi la kumlegeza. Juzi aligeuza, na jana pia, ingawa Bi Eduvina alimlilia mbele yetu sote: binti yake amelazwa hospitali ng'ambo ya mlima, akisubiri kujifungua mtoto wa kwanza. Leo theluji imeanguka alfajiri, ikafuata mvua, na saa nne jua likachomoza. Dereva alichuchumaa muda mrefu mpaka utani ukatuishia. Aliporudi alipita moja kwa moja hadi kiti cha Bi Eduvina, akamshika mkono kwa kile kiganja kilicholowa maji.

“Ana homa, mama,” akasema. “Twende tukamwone mjukuu.”