Mume Wangu Alipokea Majibu ya Moyo Wangu, Akaniambia Ni Presha

Asalaam alaikum admin na nyote mnaosoma. Jina langu lisionekane tafadhali, maana shangazi wa mume wangu ndiye wa kwanza kukomenti humu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 29, naishi Kilwa, vijiji vya ndani, tunalima ufuta na korosho. Nina miaka minne kwenye ndoa. Mimba yangu ya kwanza ilitoka, nikawekewa njiti ya kuzuia mimba ili mwili upumzike. Mtoto sina.

Mwaka jana pumzi ilianza kunisumbua. Napalilia kidogo tu, nakaa chini nahema, miguu imevimba. Mama mkwe akasema ni uvivu, wengine wakasema jini. Bahati nzuri madaktari wa moyo wakaja kwa siku chache kwenye hospitali yetu ya jamii. Nililazwa kwa ubavu, nikapakwa kitu cha baridi kifuani, nikauona moyo wangu mwenyewe ukipigapiga kwenye kioo. Wakasema majibu kesho, nije na mwenzangu.

Kesho yake niliamka hoi, hata bodaboda siwezi kupanda. Mume wangu akasema, "Lala mke wangu, nitakuletea kila neno la daktari." Alirudi jioni na dawa. "Presha tu hiyo. Upunguze chumvi na kazi nzito." Nilimshukuru Mungu.

Jamani, kuanzia siku ile nilipendwa! Alinikataza kubeba maji, akawa anakwenda kisimani mwenyewe na ndoo kichwani, wanaume wenzake wanamcheka. Dawa zikikaribia kuisha anapanda gari mpaka Lindi kuzifuata. Mashoga zangu waliniuliza nimempa nini. Na mimi mjinga nikawa natamba.

Sasa huku kwetu msichana akichezwa unyago anakuwa na somo wake, yule mama aliyemfunda. Ukishaolewa, jambo la chumbani mume hakwambii uso kwa uso, anapitia kwa somo. Wangu namheshimu kuliko hata mama mzazi. Akaniita kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikalisha mkekani. "Mwanangu, mwenzio anataka mtoto. Mdogo wake ana wawili tayari. Katoe hiyo njiti." Nikaenda kuitoa. Somo akisema, unabisha vipi?

Nikashika mimba. Ilipofika miezi minne pumzi ikarudi vibaya, nikaenda kliniki ya hospitali ileile. Nesi aliposikia ninavyohema akaitafuta rekodi yangu, akasoma, akaniangalia. "Dada, mbona umebeba mimba? Valvu ya moyo wako imeharibika. Mumeo alielezwa usishike mimba mpaka utibiwe kwanza, na akaahidi kukuleta uelezwe mwenyewe." Nikamwambia mimi nina presha. Akaenda kumwita daktari. 

Nilipofika nyumbani nilimuuliza mara moja tu. Hakubisha. Alilia. "Niliogopa ungekataa kuzaa, na mama angenitafutia mke mwingine. Nikasema nikikutunza vizuri, hutadhurika." Kwa hiyo zile ndoo za maji hazikuwa mapenzi! Alikuwa anajua, kila asubuhi anajua, halafu ananiangalia nacheka na mashoga zangu.

Nikaenda kwa somo, nikidhani kadanganywa kama mimi. Akainamisha kichwa. "Aliniambia habari ya moyo, mwanangu. Nikamwambia Mungu mkubwa, wangapi wanazaa na maradhi yao." Ndugu zangu, ya mume naweza kuieleza, lakini hii ya somo nashindwa. Huyu ndiye aliyenifundisha mwili wangu, na ndiye aliyeupeleka hatarini akijua. Sijakanyaga kwake tena.

Daktari ameniandikia rufaa ya Dar es Salaam. Kasema waziwazi kwamba hali yangu ni ya hatari na huko wataamua na mimi kama mimba hii iendelee au la. Mtoto ameanza kucheza tumboni. Nikimsikia nafurahi, halafu nalia. Nimeambiwa niende na mtu mmoja wa karibu, anayejua dawa zangu zote na historia yangu, wa kunisemea nikizidiwa.

Kaka yangu anataka kunipeleka yeye na nikitoka huko nisirudi kwa huyu mwanaume. Lakini kaka hajui hata kidonge kimoja ninachomeza. Anayejua dawa, saa zake na siku nilizovimba ni mume wangu. Ameshafunga begi lake, yuko mlangoni, anasema safari hii hatanificha hata neno moja. Na mimi nikimtazama najiuliza, wakimwambia achague kati yangu na mtoto, atajibu nini wakati mimi sina fahamu?

Tunaondoka kesho kutwa alfajiri. Wenye busara na mliopitia maradhi ya moyo, msinitukane, niambieni tu: nimkabidhi nani roho yangu?